Daftari la Aminieli

Daktari hakuniuliza nani katuroga.
Aliniuliza: huanza mkono upi?
Nikanyamaza kama mwanafunzi aliyelala somo likiendelea.
Miaka sita namwokota ndugu yangu chini,
na mkono sikuwahi kuutazama.

Nikanunua daftari pale stendi ya Moshi, kurasa tisini na sita,
jalada lina twiga, nyuma jedwali la kuzidisha.

Jumanne, saa moja kasoro asubuhi.
Kushoto. Kidole gumba kwanza, kisha kiwiko,
kisha mdomo ukavutwa upande
kana kwamba kuna mtu anamnong'oneza jambo la aibu.
Dakika mbili na sekunde arobaini.
Alikuwa anapiga mswaki.

Ijumaa, soko la Kiboriloni, kwenye mikungu ya mshare.
Mama mmoja akapaza sauti: Msimguse, povu linaambukiza!
Mwingine kaja mbio na kijiko,
wa tatu kavua kiatu, eti anusishwe.
Nikasema nilivyofundishwa na muuguzi Ndeshukuru:
kijiko kirudi kwenye sufuria kilikotoka.
Ulimi haumezwi. Meno ndiyo huvunjika.
Nikasogeza mizani, nikamlaza ubavu,
kanga yangu chini ya kichwa,
nikafungua kifungo cha shingo,
nikahesabu.
Zingefika dakika tano ningetafuta gari la hospitali.
Hazikufika.
Ndizi zilizopondeka nililipa mimi.

Masika. Tarehe sikumbuki.
Jikoni. Hii siandiki dakika.
Mafiga yalikuwa matatu, yeye akawa la nne.
Baba alikuwepo.
Baba aliyebeba magunia ya kahawa kiwandani miaka thelathini
hakuthubutu kunyanyua mtoto wa kilo hamsini.
Sijamsamehe.
Hilo nimeliandika kwa penseli.

Mbuzi tulishachinja, kule Kibosho:
wa kwanza mweusi, wa pili mweupe,
wa tatu rangi yoyote, fedha zilikuwa zimekwisha.

Vidonge ni vidogo kuliko punje ya mahindi.
Kimoja asubuhi, kimoja usiku.
Wiki za mwanzo alilala kama gogo,
akiamka anashika ukuta:
Dada, mlima umeinama leo.
Nikaandika: mlima umeinama.
Daktari akasoma, hakucheka,
akapunguza dozi, akaipandisha tena polepole, kama mtu anayepanda ngazi ya giza.

Agosti tuliviacha. Siku tatu tu,
fedha ilikwenda kwenye bati za choo,
tena alikuwa anaonekana mzima.
Ukurasa wa Agosti umejaa wino hadi pembeni,
mara nne kwa siku moja, ya mwisho sikuweza kuhesabu,
na lile gari la hospitali hatimaye nilipanda.
Dawa hii haiachwi ghafla.
Nimeipigia mistari miwili chini.

Kisha kurasa zikaanza kuwa nyeupe.
Asiyejua angesema mwandishi amechoka.
Septemba, mstari mmoja.
Oktoba, nusu: mkono ulicheza, ukatulia.
Novemba hakuna kitu,
nami usiku naamka kusikiliza kitanda chake,
maana hofu niliishaizoea kama wengine wanavyozoea redio,
ikizimwa, usingizi unakatika.

Jana nimekuta mwandiko usio wangu,
kalamu nyekundu, herufi zimelalia kulia:

"Leo nimeendesha baiskeli hadi Pasua na kurudi.
Sikuanguka.
(Nilianguka mara moja, ila ni mchanga.)
Dada asijue."

Baiskeli ilikatazwa mpaka mwaka upite.
Nililisoma lile neno, mchanga, mara tatu.
Anguko la kawaida, kama la mtoto wa jirani,
lenye sababu, lenye goti lililochubuka,
lisilohitaji saa.

Kliniki ni Alhamisi.
Daktari atanyoosha mkono, kama kawaida, apewe daftari.
Sijaamua kama ukurasa huo nitaubana kwa kidole.