Sampuli ya Arubaini na Tatu

Masika hii, Tunguu, kuta zatoka jasho.
Chumvi ya mezani imeshakuwa maji,
na wewe, utando ambao mbele yako
ganda la kitunguu ni gogo,
juzi ulikuwa rangi ya udi,
leo ukingoni umeingia umanjano.

Naujua umanjano huo.
Ni risasi na iodini zimeachwa peke yao,
wengine wamekwishaondoka na unyevu.
Wenzako arubaini na mbili wamekwenda hivyo.
Nimewaandika daftarini, tarehe na saa,
kama Faki wa Wete anavyohesabu pishi za mpeta
mvua ikimkuta karafuu ziko jamvini.

Mkesha wa Ramadhani, Fuoni,
mama alikuwa akisukuma manda.
Donge juu ya donge, na katikati
mafuta ya kidole, vumbi la unga.
“Usipopaka hapo,” hata uso hakuinua,
“zitagandana, na ukizibandua utazichana.”
Nikaandika kiganjani, kwa kalamu ya wino,
mikono ina unga.

Basi nikakupaka:
molekuli ndefu, mkia wake hauyataki maji.
Kioo, mkia, kioo, mkia.
Unyevu ukaja, ukapiga hodi, ukakosa mlango.
Ukaishi siku tisa.
Kumi na moja.

Lakini ukawa goigoi.
Nakuwashia taa, umeme wako wajikokota,
kila tabaka ukuta, kila ukuta unatoza ushuru.
Dokta Salhina akacheka:
“Mtoto umemvika makoti saba,
sasa wamlaumu hakimbii?”

Nikakusimamisha wima.
Chembe ya chumvi ndani ya mchanganyiko, sahani ya moto,
tabaka zikainuka kama vitabu rafuni,
njia ikafunguka toka juu hadi chini.
Kusema ni rahisi. Ilinichukua miezi minne.

Usiku huu umeme umekatika.
Nimejifunika kitambaa cheusi,
mimi, wewe, na mita ya betri.
Waliokutangulia gizani walikuwa waongo,
waliona mwanga usiokuwepo, mkondo ukavuja.
Wewe kimya.
Mshale umelala kwenye sifuri.
Nawasha kitaa cha kijani, jicho la paka,
na mshale umesharuka
bismillahi yangu haijafika mwisho.

Siku ya ishirini na sita.
Ukingoni, kona ya kushoto,
pana doa, au ni macho yangu tu.
Naandika: labda.
Nafunga daftari ndani ya mfuko wa plastiki,
nalo lisije likalowa.