Dola Kumi za Nia Njema

Umepiga tena, saa mbili kasorobo asubuhi,
kahawa haijachemka, theluji ya ziwani imeziba mlango wa nyuma,
na jina langu umelitafuna kama mwiba wa samaki:
Sobuzaki, Sabachaki.
Ni Sobczak, kijana. Delphine Sobczak,
mjane wa Casimir, kama faili lako halijakuambia.

Lakini mashine ya kufulia faili lako linaijua.
Sikatai. Tuliikopa
mwaka ule kiwanda cha vichwa vya treni kilipowapa wanaume mia tatu
keki na barua siku moja.
Casimir alikula keki kwanza.
Barua aliisomea garini, injini imezimwa.
Mashine ilikuwa nyeupe, ikifua ilitembea yenyewe
hadi katikati ya jikoni, kama mgeni asiyejua pa kukaa.
Tulilipa miezi kumi na minne. Kisha hatukulipa.
Kukopa harusi, kulipa matanga;
kwetu matanga yalikuja kweli, na jeneza.

Duka lililotukopesha lilifungwa. Pale sasa wanapaka watu kucha.
Nilipita siku moja, pesa mkononi, aibu kooni.
Nimlipe nani?
Msichana akaniuliza: rangi gani, mama?

Na wewe, Prescott, kama kweli ni Prescott,
deni langu ulilinunua soko gani?
Nasikia mnauziana kwa fungu, kama nyanya za jioni,
nzima juu, zilizooza chini,
na mnunuzi akichoka humsukumia mwenzake.
Wa kwanza alikuwa mwanamke, mpole, aliniombea heri ya Krismasi.
Wa pili alinitisha na polisi.
Wa tatu simkumbuki.
Wewe wa nne una mafua.

Leo umebadili maneno. Hutaki tena elfu moja na mia sita.
Unataka dola kumi tu,
"za nia njema, mama, kuonyesha hukimbii."
Dola kumi! Supu na mkate.
Nikafungua pochi. Tarakimu nne za kadi
zilishanitoka mdomoni

macho yakaangukia kabati la dawa.

Kijana, nimesimama nyuma ya kaunta ya famasi miaka thelathini na mmoja.
Kila Jumatatu nilishusha chupa,
nikazigeuza chini juu, nikasoma tarehe.
Iliyopita, ndooni. Hata iwe ghali.
Hata kidonge kiwe bado kinang'aa.
Dawa ya deni kulipa, sibishi,
ila dawa nayo huisha muda,
na ajuaye imeisha akamnywesha mgonjwa
huyo haitwi mganga.

Maktabani, chumba cha chini, kuna mwanasheria wa bure,
Tedesco, tai yake ina doa la mchuzi.
Alihesabu miaka kwa vidole,
mkono mmoja ukajaa, akaingia wa pili.
"Limelala," akasema. "Linaweza kunguruma, kuuma haliwezi.
Lakini ukilipa hata senti, huenda likaamka
na kuanza kuhesabu upya, siku ya kwanza."
Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe.
Nililisikia hilo, nikarudi nyumbani, na bado leo
nilifungua pochi. Aibu haisomi tarehe.

Kwa hiyo hizo tarakimu nne, kaa nazo.
Niandikie barua. Nani alimuuzia nani, lini, kiasi gani.
Utie sahihi ya jina lako, si la Prescott.

Ukanyamaza. Nyuma yako nikasikia chumba kizima:
nia njema, mama, nia njema, bwana,
sauti ishirini, karatasi moja.
Kisha ukauliza, chini chini, nje ya karatasi:
ulisema famasi? Hiki kikohozi, wiki ya tatu sasa,
ninywe nini?

Nikakuambia. Na ukatazamwe kifua, usingoje.
Hilo nalo
usiliandike popote.