Sailensi

Fundi Asaa hana kipimo chenye sindano.
Ana bisibisi ndefu, mpini umeliwa na joto;
ncha huiweka kwenye injini, mpini sikioni,
akafumba macho
kama mtu anayesikia jina lake nyumba ya pili.

"Iko juu," anasema. "Inakunywa mafuta ya bure."
Analegeza nati, anarudisha skrubu robo mzunguko,
na Bi Kikohozi, lori letu,
anaanza kutikisika, mabati yote yanasema,
kioo cha pembeni kinacheza msewe.
"Chini mno hapo. Atakulegeza meno."
Anapandisha tena, kiasi cha ukucha,
mpaka sauti inakaa:
si kikohozi wala si kilio,
ni mtu anayekuna nazi na hana mgeni.
"Hiyo ndiyo sailensi. Kaza."

Nikakaza. Nikamkumbuka Mcha.

Foleni ya bandari ya Mkoani, msimu wa karafuu,
magunia themanini nyuma, mvua ya upande,
stata imekufa tangu Kengeja.
Ukizima hapa, nani atakusukuma na mzigo huu?
Basi ikaunguruma usiku kucha.
Handbreki juu, gia huru, jiwe nyuma ya tairi:
hayo tulifundishwa, tukayafanya.
Hatukufundishwa tundu la bomba la moshi
chini ya kiti chetu wenyewe,
wala vioo tulivyovipandisha
kwa kuogopa mbu.

Saa tisa nikatoka kukojoa.
Kibofu changu ndicho kilichotuokoa, sina la kujisifu.
Niliporudi nikafungua mlango,
harufu ya karafuu haikuwapo tena,
na Mcha kalala kinywa wazi, midomo myekundu
kama mla tambuu.
Mcha hajala tambuu maisha yake.

Nikamvuta kwa miguu. Kichwa kikagonga ngazi,
mpaka leo ananidai kile kigongo.
Akalala kwenye tope, mvua ikimwingia puani,
akatapika, akaniita kwa jina la marehemu kaka yake.

Yu hai. Ana duka la vocha Wete.
Mkewe Mize ndiye anayerudisha chenji,
maana hesabu zinamponyoka katikati.
Lori likisimama mbele ya duka likinguruma,
yeye hutoka kwa mlango wa uani, bila kuaga,
na wateja wamezoea.

"Umelala?" Asaa ananiuliza.
Anafuta mikono kwa kipande cha kanga.
Sailensi yake imetulia, nzuri,
unaweza kuweka kikombe cha chai juu ya boneti.

Nikamwambia: Fundi, kabla hujanawa,
ingia chini. Lipapase bomba lote, mpaka mwisho.
"Bomba? Si umeniletea sailensi tu?"
Akaniangalia kitambo.
Kisha akanyoosha mkono, akazima,
na Machomane yote ikanyamaza
isipokuwa oili, tone, tone,
ndani ya sinia bovu.
Akatandika boksi chini, akalala chali,
akaingia.