Dakika Nzima

Hesabu nusu dakika, zidisha mara mbili:
ndivyo Nsimire alivyonifunza kupima mapigo
huku Kadutu, vitanda kumi na tisa, muuguzi mmoja.
Nusu inayobaki ni ya kitanda kinachofuata.

Nimeishi hivyo. Uji nusu kikombe.
Salamu nusu.
Mwanangu namkuta amelala, namwacha amelala,
namzidisha mara mbili njiani, matope yakinivuta kandambili.

Usiku huu umeme umekatika.
Mzee Cirhuza kanishika mkono kabla sijamshika wake.
Saa ya kifuani siioni,
sina pa kukomea,
nikahesabu tu, thelathini, thelathini na tano,
arobaini,
halafu kimya.
Pigo moja halikuja.

Nusu dakika isingeliona.