Bati la Mikate

Miaka thelathini na mmoja nilikata miti
iliyothubutu kugusa nyaya za umeme.
Kutoka Ubungo hadi Gongo la Mboto
hakuna mwarobaini usioujua msumeno wangu.
Matawi yalianguka, kina mama wakaokota kuni,
nami nikaandika kwenye fomu: njia safi.

Kisha wakanipa saa ya ukutani, soda,
na hotuba yenye jina langu lililokosewa.

Mkuyu huu niliukuta kwenye ufa wa ukuta wa bafu,
hapa hapa nyumbani, Tabata Kimanga:
majani manne,
mzizi umeng'ang'ania saruji kama mdai mlangoni.
Nilikwenda na panga.
Sijui nini kilinishika mkono.
Labda ni kwa kuwa hapakuwa na fomu.
Niliutoa kwa bisibisi, asubuhi nzima,
kwa upole ambao Nakijwa anasema
hakuwahi kuuona nikiwavua watoto viatu.

Bati lake la mikate likapotea siku mbili.
Siku ya tatu alilikuta barazani,
limetobolewa matundu matano,
limejaa mchanga na kokoto,
na katikati kijiti.
"Umestaafu," akauliza, "au umepungukiwa?"

Jirani Kiango alipita na ushauri wa bure:
mchicha, wiki tatu unakula;
mpapai, mwaka hauishi.
Huu wako utazaa nini?
Nikamwambia hautazaa kitu. Utakuwa mdogo.
"Mdogo mpaka lini?"
"Mpaka nife. Na baada ya hapo."
Akalitazama bati, akanitazama mimi.
Tangu siku ile hapiti hapa na mjukuu wake.

Waya lakini naujua.
Nilifumua mota ya pangaboi lililoungua,
nikaichoma shaba motoni ilainike,
nikasokota nyuzi tatu tatu,
nikazungusha mshazari kuanzia shinani
kama nilivyowafundisha vijana kazini.
Kule waya ulipeleka kitu mahali.
Huu unaliambia tawi tu: pinda, hatuna haraka,
maneno ambayo sikuwahi kuyatamka
tangu siku niliyoajiriwa.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Basi mimi ni ng'onda wa miaka sitini na mitatu
ninayekunjwa na kitu kifupi kama chupa ya soda.
Naamka kabla ya adhana kugusa udongo kwa kidole.
Maji ya bomba yakikatika
naoga nusu ndoo, nusu ya mti.
Napiga magoti haya haya
ambayo daktari wa Amana alisema yamekwisha.

Mwaka wa pili nilikwenda Same kuzika,
nikanaswa miezi mitatu na kesi ya shamba la marehemu.
Nilirudi nikitegemea kukuta ukuni.
Nikakuta majani yanameta:
Nakijwa aliunywesha maji ya kuoshea mchele.
Waya hakuugusa. "Umeme ni wako," alisema.
Gome lilikuwa limevimba, shaba imezama ndani.
Niliikata kipande kipande, nikihema.
Kovu likabaki, limezunguka shina kama hesi ya skrubu.

Mkono wangu wa kushoto una la kwake.
Vingunguti, mwaka tisini na nne,
transfoma waliyoniapia kwamba imezimwa.

Mti nao una uso na kisogo.
Jioni ile niligeuza bati, kovu likaelekea ukutani.
Asubuhi nikakuta limegeuzwa, kovu mbele,
barabarani, kila mpita njia alione.
Sikuuliza. Naye alikuwa anapepeta mchele,
hakuinua kichwa.

Jana, nyuma ya kibanda cha chipsi,
nimeona mkwaju mchanga kwenye ufa wa mtaro.
Nikapita. Nikarudi. Sikuwa na bisibisi.
Nyumbani nikawa namsimulia tu, kama habari za mtaa,
majani yake yalivyojifunga jua lilipozama,
na Nakijwa, bila kusema neno,
akaenda jikoni akalitoa bati lake jipya
akalifungia kabatini, funguo akaitia kifundoni.