Milisekunde Kumi na Mbili

Kijana wa duka anaitwa Eetu. Ana pete puani
na subira ya mtu anayelipwa kwa saa.
Ananiuliza mara ya mwisho nilirekodi lini.
Kwenye kaseti, namwambia, njia nne mkanda mmoja,
mama yako huenda alikuwa darasa la tatu.
Anacheka, hajui kama natania.
Sitanii.

Nje, Kotka imeganda. Winchi za bandarini,
ambazo moja niliiendesha miaka ishirini na sita,
zimesimama na theluji mabegani.
Mikono iliyonyanyua makontena
leo inanyanyua visanduku vya kuunganishia sauti,
chekundu, cheusi, chekundu tena,
inavipima kana kwamba uzito nao husikika.

Hiki kina matundu mawili. Hiki, manne.
Manne ya nini, nami ni mmoja?
"Labda siku moja utawaalika wenzako," asema Eetu.
Wenzangu. Pirkko yuko Vaasa na baridi yabisi yake.
Jorma alibadilisha ngoma kwa injini ya boti.
Na Asko, aliyeshika besi,
Asko hahitaji tena kutafutiwa tundu.
Nipe cha mawili.

"Tatizo ni kuchelewa," anasema.
Unagusa uzi hapa, sauti inaingia kwenye kompyuta,
inavuliwa nguo, inahesabiwa, inavishwa upya,
ndipo inakurudia sikioni.
Milisekunde kumi na mbili.
Hiki cha bei kubwa, nne tu.
Kati yao kuna euro mia mbili na kumi.

Nikasimama na glavu mfukoni
nikipiga hesabu isiyokuwa ya fedha.
Toka nilipolifunga lile gita kwenye blanketi
hadi leo asubuhi, ni milisekunde ngapi?
Kawia ufike, walisema wahenga,
ila kipimo hawakutaja.
Nikachukua cha bei ndogo.

Amplifaya hutaihitaji, Eetu akaniambia,
programu hii inaziiga arobaini.
Akabofya moja, na hiyo ikawa yangu hasa,
mpaka ule mngurumo wake wa kukohoa
kabla vali hazijashika moto.
Nikafumba macho. Nikanusa.
Hakuna.
Hakuna vumbi linaloungua polepole
nyuma ya kitambaa cha spika.
Basi nikaomba na maikrofoni moja,
kigingi kifupi cha kuisimamishia,
waya wa mita tatu.
Risiti nimeikunja ndogo, sitaki kuiona.

Kuitoa amplifaya stoo ya chini, kilo thelathini na moja,
ngazi kwa ngazi, nikiikalia kila baada ya ghorofa.
Tuulikki akafungua mlango na nywele za usingizi.
Unahama?
La, nikamwambia. Nahamia.
Akaniangalia mimi, akaliangalia lile dude,
akauliza ni saa ngapi anapaswa kuondoka nyumbani.

Nimeitia kabatini, katikati ya makoti ya baridi,
maana makoti hunyamazisha kuliko ukuta.
Koti la Heikki limo. Yeye yuko Tampere na mwingine,
koti limebaki, na sasa lina kazi.
Maikrofoni nimeisogeza vidole viwili toka kwenye spika,
nikaona ni karibu mno, nikaongeza cha tatu.

Ncha za vidole zimekuwa laini, zinauma upesi.
Kodi ya kwanza nimeikosea.
Ya pili nimeikosea kwa namna ninayoikumbuka.

Usiku, na hedifoni masikioni, narudia kusikiliza.
Nyuma ya gita kuna kitu kinavuma, chini, bila kupumzika.
Nimekagua waya. Nimekagua matundu yote mawili,
hata lile lisilo na kitu.
Kumbe ni jokofu la jikoni.

Programu ina kitufe cha kuufuta uvumi kama huo.
Eetu alinionyesha, ni mbofyo mmoja.
Nimeuacha.
Uko nyuma kidogo ya mapigo,
kama Asko alivyokuwa.