Timazi

Siku ya kwanza Cirhuza hakunipa mwiko.
Alinipa kamba, akanionyesha mawe kule barabarani,
akanionyesha kiwanja kule juu, Cimpunda,
na katikati ngazi mia moja na kumi na mbili
zilizochongwa udongoni kwa miguu ya watu.
"Nyumba hupanda kwanza mgongoni," alisema,
"ndipo isimame."

Wiki tatu mimi nilikuwa sehemu ya ngazi.
Nusu mfuko wa simenti, maji ya bidoni, mchanga wa Ruzizi
uliokuwa bado unanitiririkia shingoni.
Wanaume waliniita Madamu Injinia,
wakanigawia sambaza, vichwa tu.
Usiku mama alinipaka mawese mabegani:
"Cherehani iko pale pale, Nsimire. Sijaifunika."
Sikumjibu. Nilikuwa nimekwisha lala
hali nimekaa.

Wiki ya nne, mwiko.
Safu sita za tofali kabla ya chakula,
nikarudi nyuma kuzitazama
kama mtu atazamavyo mwanawe aliyevaa sare.
Cirhuza akatoa uzi mfukoni, na mwishoni mwa uzi
nati ya lori lililokufa zamani.
Akaushika juu. Nati ikayumba, ikayumba, ikatulia.
Kati ya uzi na ukuta wangu
kidole kingepita, na pete yake.
"Jicho lako linaupenda ukuta," alisema. "Uzi haupendi mtu."
Nikabomoa mwenyewe, mbele ya wote.
Siku ile hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililouma.

Kilima nilijifunza polepole, kama lugha ya ukweni.
Mti ulioinama: ardhi inatembea.
Ufa unaopanda vidato vidato: msingi umechoka.
Nyasi mbichi mwezi wa saba: chini kuna maji, usilale hapa.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema wahenga,
na sisi mafundi tunakula kwa wanaowasahau.
Ila huku kwetu ufa haungoji kusahauliwa.
Hushuka usiku mmoja wa Novemba
na vitanda, na sufuria, na majina.

Halafu kazi yangu ya kwanza, yangu peke yangu.
Mama Cikwanine, muuza makala wa Nyamugo,
dola mia tisa ndani ya kopo la maziwa:
vyumba viwili, mlango wa bluu, kabla ya Noeli.
Nikatazama kiwanja. Nikatazama nyasi.
Nilitaka mno kusema ndiyo.
Ndani ya ndiyo mlikuwa na picha ya kumtumia kaka yangu Uvira,
na jina langu likitembea sokoni bila mimi.
Nikasema: mfereji kwanza.
Na ukuta wa mawe huko nyuma, wa kukishika kilima.
"Zitabaki ngapi?"
Za chumba kimoja.
Akalifunika kopo. Akalifunua.
"Nilikuomba nyumba, binti. Umeniuzia shimo."

Siku kumi na moja tulilichimba hilo shimo.
Jirani aliyepita akauliza tunamzika nani.

Jana usiku mvua iliyaamsha mabati yote ya Bukavu kwa pigo moja.
Sikulala. Alfajiri nilizipanda zile ngazi bila mzigo,
kwa mara ya kwanza, na hazijawahi kuwa ndefu vile.
Nilimkuta kwenye ubao, kitenge kichwani,
anautazama mfereji.
Maji mekundu yalikuwa yanapita na haraka zao,
kama watu wasiotaka salamu,
yakaukwepa msingi, yakashuka.
Sakafu ya chumba kisicho na kuta ilikuwa mbichi kwa mvua tu,
mvua safi, ya juu.
Hakunishukuru. Alisogea kidogo, nikakaa.
"Ule mlango," alisema baadaye,
"nataka bluu ya ziwa. Si bluu ya polisi."

Nikatoa uzi mfukoni.